Ndoo Niliyoona Haya Kuifunua

Vijana wa kitengo mmeniomba niwaandikie niliyojifunza kazini, mkanipa na muundo wa vichwa vya habari kumi na vinne nivifuate. Nimeuweka chini ya mguu wa meza inayoyumba, na umesaidia. Habari za vyeo na mishahara mtazikuta kwenye jalada langu, kama panya wa masijala hawajalimaliza. Mimi nitaandika juu ya vifaa, mwalimu wangu wa kwanza, na ndoo moja ya bluu ambayo nusura iwafukuze watu kwenye mwamba wao kwa makosa yangu. Nimestaafu juzijuzi tu. Asubuhi bado natafuta kitambulisho cha kuvaa shingoni, halafu nakumbuka kwamba kuku wangu wananijua bila hicho.

Kwa asiyeijua, kazi yangu ilikuwa kuwauliza maswali watu wanaovua samaki baharini kwa kujifurahisha. Si wavuvi wa riziki. Hao wana watu wao wa kuwauliza. Wangu ni wale wanaokwenda ufukweni Jumamosi na mshipi, ndoana na chambo, wakakaa juu ya mwamba kutwa, wakarudi wameungua jua na kufurahi. Wanaosimamia bahari wanataka kujua watu hao ni wangapi, wanatoka wapi, wanatoa samaki kiasi gani, na wakiambiwa wapumzike miezi fulani ili samaki wazaane watakubali au watanuna. Majibu hayo hayapatikani kwa samaki, kwa hiyo lazima mtu atumwe akawaulize binadamu.

Kwetu hawakuielewa kazi hii hata siku moja. Mimi ni mzaliwa wa Mvumi, wilaya ya Kilosa, ambako maji makubwa tunayoyajua ni ya mto ukifurika na kuingia mashambani. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba nimeajiriwa kuangalia watu wakicheza. Nilijaribu kumsahihisha, nikagundua hajakosea sana.

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Nilivinunua Morogoro mahsusi kwa ajili ya ofisi, na hakuna aliyeniambia kwamba ofisi yenyewe ni miamba yenye utelezi. Bwana Shomari, msimamizi wangu, mtu wa pwani mwembamba asiyependa kupoteza maneno, aliviangalia viatu vile, akaniangalia mimi, akageuka kuelekea majini. Saa nne asubuhi nilikuwa pekupeku nimevishika mkononi, na dodoso nimelibana kwapani.

Mtu wa kwanza niliyemhoji alikuwa ametupa mshipi majini. Nikasimama mbele yake, kati yake na bahari, nikaanza kumsomea: jina, umri, elimu, hali ya ndoa. Maswali matatu alijibu vizuri. Kuanzia la nne akawa anajibu "ndiyo" kwa kila kitu, hata nilipomuuliza ana watoto wangapi. Bwana Shomari akaniita pembeni.

"Binti, unataka majibu au unataka karatasi iliyojaa?"

Nikasema nataka majibu. Akanikalisha akanifundisha, na mafunzo hayo yalinitosha mpaka nastaafu. Salimia kwanza, na usisalimie umesimama. Usikae kati ya mtu na maji yake. Usimuulize amepata wangapi mshipi ukiwa bado majini, maana wengi huona ni nuksi. Akishaukunja, omba akuoneshe alichonacho, kisha fanya mambo manne kwa mpangilio huohuo bila kuruka hata moja: fungua, hesabu, pima, funga.

"Mdomo wa mvuvi una samaki wake, na ndoo ina samaki wake," alisema. "Wewe andika wa kwenye ndoo."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Ubao wa kupimia urefu, ambao ni ubao wa kawaida uliochorwa mistari ya sentimita. Mizani ya kuning'iniza yenye ndoano. Penseli, kwa sababu wino ukilowa hukuacha na dodoso lenye mawingu. Mfuko wa nailoni wa kufunikia karatasi, na kipande cha gunia cha kukalia. Baadaye sana vikaja vishikwambi. Nasikia mnavipenda, na mimi sivichukii, ila juani havionekani, na fomu yake haikuruhusu kuendelea mpaka ujaze umri. Mzee mmoja aliniambia kwa kiburi kabisa kwamba alizaliwa mwaka wa nzige. Nikamwandikia miaka tisini na tisa ili tuweze kusonga mbele. Kwa takwimu zetu, basi, yupo mvuvi mkongwe sana ambaye bado anaruka mawe.

Mwaka wa kwanza niliharibu mengi. Kubwa nililicheka baadaye: mtu na shemeji yake walivua chewa mmoja mkubwa kwa kusaidiana, wakamtia kwenye ndoo moja, kisha wakakaa mbalimbali kwa sababu ya ugomvi wa nani hasa alimvuta. Nikamhoji huyu, akanionesha ndoo. Baada ya saa moja nikamhoji yule, naye akaenda kuileta ndoo ileile. Jioni Bwana Shomari alisoma karatasi zangu, akavua miwani.

"Huyu chewa wako amekufa mara mbili," akasema, akanirudishia.

Miaka ilikwenda hivyo. Bwana Shomari alistaafu kabla yangu na kurudi kwenye minazi yake, nami nikawa yule anayewaambia wengine wavue viatu. Kisha ikaja treni ya umeme, na ghafla kwenye madodoso yetu ya Jumamosi, pale kwenye swali la unatoka wapi, ikawa si Temeke wala Mbagala tu. Watu wakawa wanataja Morogoro, Dodoma na Kilosa. Nilipoona Kilosa mara ya kwanza nilidhani mdodosaji amechapia. Nani wa Kilosa anavua baharini?

Kiongozi wa mradi wetu, Daktari Elinami, msichana wa umri wa wanangu lakini mwenye adabu ya kumtosha mtu mzima, aliniita ofisini. "Mama Zuhura, wewe si mtu wa Kilosa? Nenda ukawaulize wakiwa kwao. Huku ufukweni wanatujibu haraka wawahi safari." Basi baada ya maisha yote ya kazi kando ya bahari, nikatumwa kwenda kuichunguza bahari kutokea nyumbani kwetu.

Niliposhuka Kilosa nilimwambia dereva wa bodaboda kwamba natafuta wavuvi wa baharini. Aliniangalia kwa huruma.

"Mama, umetoka mbali? Nikupeleke kwanza ukapumzike?"

Nikamweleza vizuri. Akafikiri kidogo, akasema, "Ahaa, Kapteni," akawasha pikipiki.

Kapteni alikuwa Mzee Masudi Kapama, mstaafu wa reli. Babu yake alikuja kutoka Tabora na reli ya zamani, akabaki, na ukoo mzima ukawa wa Kilosa. Yeye mwenyewe alifanya kazi ya kupanga njia za treni na kupunga bendera pale stesheni ya zamani. Alikuwa mrefu, mtulivu, kofia yake imefuliwa na kukazwa kwa wanga, na aliongoza kikundi cha watu tisa, wengine wa Kilosa, wengine wa Mikumi, waliokwenda baharini kila mwisho wa mwezi. Walikwenda na treni na kurudi na basi, kwa sababu harufu ya samaki na kiyoyozi cha treni havikupatana. Wote walivua mahali pamoja, kwenye mwamba mmoja mbele kidogo ya Kigamboni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wewe si binti Mrisho wa Mvumi? Baba yako nilimjua."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa wakati ule niliona yamenyooka. Nilimngojea stendi siku ya kurudi kwao. Alishuka kwenye basi na ndoo ya bluu yenye mfuniko, amefungia na kamba, maji ya barafu yanachuruzika ubavuni. Nikatoa mizani yangu. Nikanyoosha mkono kwenye mfuniko. Naye, taratibu kabisa, akaweka kiganja chake juu.

"Barafu itayeyuka, mwanangu."

Ndugu zangu, ningekuwa ufukweni ningemwambia, mzee, ni sekunde mbili tu. Kule nilikuwa mgeni, na mgeni anaruhusiwa ukorofi kidogo. Hapa nilikuwa binti Mrisho. Mtoto wa mtu haingizi mkono kwenye ndoo ya mzee aliyemjua baba yake, tena stendi, watu wanaangalia. Nikaona haya. Nikaipima imefungwa, nikatoa uzito wa ndoo, nikakadiria barafu, nikaandika. Na wale wengine, walipoona ya mzee haikufunuliwa, nao wakafunika zao. Nikarudia hivyo mwezi wa pili na wa tatu, na kila mara nikajiambia kwamba heshima nayo ni njia ya utafiti.

Kilichofuata kila mara kilikuwa kizuri kukitazama. Mzee Kapama alipita mtaani kwake na ile ndoo, na kila nyumba aliyoifikia alisimama, akasalimiwa, akatoa samaki wawili au watatu kwa mkono wake, nami nikiangalia kwa mbali, kwa adabu. "Ya bahari hiyo," alisema. Majirani wakapokea kwa mikono miwili. Nyumbani kwake alifika na wachache mno, mkewe Bi Mwajuma akawachukua kimya kimya kwenda nao jikoni. Niliandika pembeni ya daftari langu kwamba uvuvi wa starehe hujenga ujirani, na nikapigia mstari.

Kwa kilo nilizoandika, wale watu tisa walionekana wanaukomba mwamba ule. Daktari Elinami aliziingiza kwenye kompyuta, ikatoa chati za rangi. Ripoti ikaenda kwa kamati inayosimamia ule ufukwe, nao, watu makini, wakaisoma yote. Wakapendekeza uvuvi wa mshipi kwenye mwamba ule upigwe marufuku kwa kila mtu. Niliposikia, kitu cha kwanza nilichohisi, na naandika ukweli ingawa unaniumiza, kilikuwa fahari, kwa sababu aya niliyoiandika juu ya kilo zile ilinukuliwa neno kwa neno.

Tuna desturi ya kurudisha matokeo kwa waliotujibu kabla hayajatumika. Kwa hiyo nikaenda Mikumi kwa Mama Joyce. Yeye ndiye mwanamke pekee kwenye kile kikundi, mjukuu wa wakata mkonge, anapika chakula cha madereva wa malori kando ya barabara kuu. Nilimkuta akigeuza chapati. Nyani mmoja alikuwa ameketi juu ya ukuta akizihesabu. Nikakaa kwenye benchi nikamsomea chati.

Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye kilo. Akaacha kugeuza.

"Dada Zuhura, kilo zote hizo? Kwa ndoana?"

"Nimepima mwenyewe."

"Ulifunua?"

Nikainamia chati. Mama Joyce akaitoa chapati motoni, akakaa karibu yangu, na kicheko kikaanza kumtoka polepole.

"Wewe ni mtu wa Kilosa kweli, au umehamia? Maisha yako yote umewahi kutoka safari ukarudi mikono mitupu? Mtu ameaga mtaa mzima kwamba anakwenda baharini. Anarudije bila samaki? Sisi tukimaliza kuvua tunapitia feri, sokoni. Tunanunua, tunawekewa barafu, tunafunga mfuniko. Mimi siku nikipata samaki mmoja, aina ya changu, niliyemvua mwenyewe, namtengea sahani ya peke yake."

"Wote mnafanya hivyo?"

"Wote. Kapteni ndiye anayenunua wengi. Mtaa wake mrefu."

Nilihisi joto likinipanda masikioni, na halikuwa la jiko. Mimi mwenyewe, kila likizo, nilinunua mikate Morogoro mjini na kumwambia mama kwamba nimetoka nayo pwani. Hakuna mtu duniani aliyepaswa kuijua ile ndoo kuliko mimi. Mgeni kutoka Ulaya angeifunua siku ya kwanza, akawakuta tasi wamejaa, samaki anayekula majani ya bahari na kunaswa kwenye mitego ya madema, ambaye ndoana humwona kwa nadra. Niliinamisha kichwa. Mama Joyce akadhani nalia, akanipa chapati, na karibu nilie kweli.

Nikampigia Daktari Elinami palepale. Akasema bila kupandisha sauti, "Afadhali umeniambia, mama. Lakini kamati inakaa baada ya wiki tatu. Tumeshawapa namba moja. Tukiwapelekea ya pili watatuuliza ya tatu inakuja lini. Lazima wavuvi wenyewe waje waseme walichovua."

Mama Joyce alikuwa tayari siku hiyohiyo. Wengine saba wakasema Kapteni akienda nao wanaenda, na asipokwenda hakuna anayekwenda. Kwa hiyo mwamba wote, na watu wote wa Temeke na Mbagala ambao hawakunikosea lolote, ukawa umening'inia kwenye mdomo wa mzee mmoja wa Kilosa.

Nilikwenda kwake baada ya sala ya alasiri. Alinikaribisha barazani, nikamweleza yote, sikujiepusha na kosa langu. Alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Mwanangu," alisema, "unataka nikasimame mbele ya watu niseme mimi ni muongo?"

"Nataka ukaseme ulichovua tu, mzee."

"Ni kilekile. Nikisema kule, kesho kitafika hapa. Nimefanya kazi hapa miaka yote, hakuna aliyewahi kusema Masudi alifungulia treni njia isiyo yake. Sasa uzeeni niitwe mnunua samaki? Wafunge mwamba wao. Nitakaa nyumbani."

Alisema "nitakaa nyumbani" kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kitu kibaya na daktari. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, na sitawaficha kwamba nilifikiria kuacha mambo yajiendee na mimi niende zangu kwenye kuku. Bi Mwajuma alikuwa anapepeta mchele ndani ya mlango. Akauweka ungo chini, akatoka.

"Mume wangu, nikuulize jambo?"

"Uliza."

"Bahari gani hiyo inayoparua samaki magamba?"

Mzee akageuka kumtazama.

"Maana tangu ndoo ya kwanza samaki wako wanafika wameshaparuliwa, wametumbuliwa, wamekatwa hata mapezi. Nikasema labda huko baharini wamestaarabika."

"Ulijua?"

"Mimi ndiye ninayepika. Na wale majirani unaowagawia wana macho na wana majiko. Mama Asha aliniuliza zamani, nikamwambia mwacheni, anafurahi. Wakakuacha. Mtaa mzima umekuacha ufurahi, wewe unaona tabu kusimama mbele ya watu wa Dar ambao hata hawakujui?"

Mzee Kapama alivua kofia, akaitazama ndani kwa muda mrefu, akaivaa. Mimi nilikuwa naangalia miguu yangu. Kicheko kilinijia, nikakibana, maana kingetoka pale nisingesamehewa mpaka leo. Mwishowe alimuuliza mkewe kama kanzu yake nyeupe ni safi.

Tulikwenda wote tisa nami wa kumi. Kamati ilikaa kwenye chumba cha shule karibu na ufukwe, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto. Kwanza nilisimama mimi. Nilisema kwamba kilo zilizo kwenye ripoti nilizipima bila kufunua ndoo, kwamba kosa si la wavuvi wala la Daktari Elinami, ni langu, na kwamba samaki wengi kati ya wale walinunuliwa soko la feri. Watu waliguna. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye kalamu tatu kwenye kilemba, akaniuliza niko kazini tangu lini. Nikamwambia. Akaandika, na sikupenda jinsi alivyoandika.

Kisha akasimama Mzee Kapama.

"Mimi tangu nianze kuja kwenye mwamba wenu," alisema, "nimevua samaki saba."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mzee akamngoja amalize, akaanza kuwataja. Wa kwanza changu, mdogo kama kiganja, alimpata mvua inanyesha na watu wote wamekimbia isipokuwa yeye. Wa pili alikata mshipi akarudi majini na ndoana mdomoni, lakini anamhesabu kwa sababu walionana. Hapo hata mwenyekiti alitabasamu. Wa tatu, wa nne, kila mmoja na siku yake na upande wake wa mwamba. Alipofika wa saba nilijua, kwa masikio yaliyosikiliza waongo wengi, kwamba hakuna hata nusu ya uongo ndani yake.

"Sasa mzee," mwenyekiti akauliza, "samaki saba, na nauli yote hiyo. Unafuata nini?"

"Nilipanga njia za treni pale Kilosa maisha yangu yote, mwenyekiti. Kila treni ya kuja huku nilikuwa naifungulia mimi. Sikuja kuona zinakoishia mpaka nilipostaafu. Nikaja, nikayaona haya maji, nikataka kukaa niyatazame. Lakini mzee akikaa peke yake kutwa anatazama maji, watu wanakuja kumuuliza ana matatizo gani. Akishika mshipi, hakuna anayemuuliza."

Niliandika jibu lile kwenye ukingo wa karatasi, kwa sababu fomu yetu haikuwa na nafasi yake. Tulikuwa na swali juu ya sababu za kuvua, lenye visanduku sita vya kuweka tiki. Yeye mara zote tatu nilimwekea tiki kwenye chakula.

Kamati haikuufunga mwamba. Waliweka masharti, na ni masharti mazuri: samaki wadogo warudishwe, miezi ya kuzaana watu wapumzike, na kila anayeondoka afungue ndoo mbele ya mlinzi wa zamu. Wavuvi wenyewe ndio waliopendekeza hilo la ndoo, Mama Joyce akiongoza, huku akinitazama. Kwa hiyo vijana, kama mngependa kujua mchango wangu katika uhifadhi wa bahari, ni mfuniko. Nendeni mkafanye kazi kwenu, ni vizuri, mnajua lugha na mnajua nani ni shangazi wa nani. Ila mjue kwamba kwenu ndiko mtakakoona haya kuuliza, na mnachokiona cha kawaida hamtakiandika. Fungua, hesabu, pima, funga. Hata kama alimjua baba yako.

Siku ile hakuna aliyevua wala aliyepitia sokoni. Tulirudi na treni, mikono mitupu wote. Mama Joyce na wenzake wa Mikumi walishukia Morogoro wakaunganisha gari, sisi wengine tukashuka Kilosa. Mzee Kapama aliniomba nimsindikize mpaka kwake.

Tukaingia mtaani. Alikuwa ameibeba ile ndoo, tupu, mfuniko ameutia ndani, na alitembea taratibu kuliko kawaida. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya yule Mama Asha, ambaye alikuwa anafagia uwanja. Akaacha ufagio.

"Shikamoo, Kapteni. Pole na safari. Leo bahari imetoa nini?"

Akaiweka ndoo chini.

"Marahaba. Leo haikutoa kitu. Na zile siku nyingine, mama, nilikuwa nanunua."

Mama Asha alimtazama kwa adabu zote.

"Afadhali umesema, mzee wangu. Maana wale tasi tulikuwa tunawala kwa heshima yako tu. Sisi tumezoea kambale."

Mzee Kapama alisimama pale kama amepigwa na kitu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na nilichelewa kujua kwamba anacheka, kwa sababu sikuwahi kumwona akicheka. Alicheka mpaka akaigeuza ndoo kifudifudi akaikalia. Watu wakatoka nyumba nyingine kuja kuona kuna nini. Wakaleta vigoda, mtu akaleta chai, na mmoja akamuuliza, sasa mzee, kwa nini unakwenda huko kila mwezi kama si samaki.

"Samaki wapo," akasema. "Wapo saba."

Akaanza na yule wa siku ya mvua. Mtaa wote ulikaa kumsikiliza, na wale saba wakatutosha sote.